Shemeji, PMPO na honi iliyotupwa

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

SHEMEJI yangu alirejea Rumonge mwaka 2019 akitokea kambi ya Nyarugusu. Alikuja na mke, watoto wanne, magodoro mawili na wazo moja alilokuwa amelilea kambini kwa muda mrefu: kukodisha muziki kwenye harusi. Wazo halikuwa baya. Anayerudi baada ya miaka mingi huweza kukuta shamba lake lina mgogoro, au lina watu, lakini harusi hazikosekani, na kila harusi inataka sauti.

Alikosea kwenye manunuzi. Alichukua mkopo katika kikundi cha kuweka na kukopa, akaongeza akiba yake, akavuka Mugina na Manyovu hadi Kigoma. Alirudi na sistimu ya masanduku mawili meusi yenye taa za bluu zinazocheza kwa mdundo. Mbele ilibandikwa karatasi ya kung'aa: PMPO 5000 W. Duka lenyewe silitaji, maana karatasi kama hiyo ipo kwenye maduka ya miji yote ninayoijua kuanzia Bujumbura hadi Uvira.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya jirani. Wasemaji wawili, wa upande wa bwana harusi na wa upande wa bibi harusi, walikuwa wamefika pale patamu, wanarushiana mafumbo ya ng'ombe ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Wasemaji wakatulia, muziki ukafunguliwa hadi mwisho ili watu wa nyuma wasikie, na baada ya nyimbo tatu ikatoka harufu ya waya ulioungua. Kisha kimya. Taa za bluu ziliendelea kucheza. Wenye harusi hawakulipa, na mimi nisingewalaumu. Kesho yake akanipigia simu: "Shemeji, nimekwisha. Kikundi wanataka marejesho Jumamosi."

Nilikuwa Buyenzi. Miaka yangu mingi imepita kwenye viti vya mafundi wa redio wa mtaa ule, kwanza kama mteja, halafu kama mtu anayeshika taa wakati fundi analehemu, hatimaye kama mtu anayejaribu mwenyewe. Nikamwambia alete mzigo wote, hata ulioungua.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuligeuza lile sanduku na kusoma nyuma. Mbele imeandikwa 5000 W kwa herufi za kung'aa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, imeandikwa: AC 220 V, 40 W. Msomaji unayefanya biashara mpakani, tafadhali shika hapo. Chombo hakiwezi kutoa nguvu zaidi ya ile kinayokula kutoka ukutani. Kikila wati 40, sehemu moja inapotea kama joto, kiasi kingine kinawasha taa za bluu, na kinachofika kwenye spika pengine ni wati 20. Hizo PMPO ni hesabu ya muuzaji, haina kipimo ambacho fundi anaweza kukirudia mezani kwake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilijitembeza kikiwa na taa kabisa.

Nikaweka mita kwenye wufa. Spika nzima ya ohm 8 husoma karibu 6 kwenye mita, na ya ohm 4 husoma kitu kama 3 na nusu. Hii haikusoma kitu. Koili ilikuwa imekatika, na amplifaya nayo ilikuwa imekufa. Kuitengeneza kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo nayo ingeungua.

"Sasa?" akauliza.

Nikamwambia sasa tunakwenda kutafuta redio ya gari.

Redio ya gari ni amplifaya ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa amplifaya. Gari likigongwa au likizeeka na kuvunjwa kwa vipuri, redio hutolewa na kuuzwa kwa bei ya chakula cha siku mbili tatu. Ndani yake kuna IC moja yenye njia nne za kutoa sauti. Nayo ina uongo wake, maana usoni huandikwa 50 W x 4. Hesabu yake ni hii: betri ya volti 12 ikisukuma spika ya ohm 4 kwa njia ya IC ya namna hiyo, ukomo wa sauti safi ni 12 mara 12 gawanya kwa 8, yaani wati 18. Kwa spika ya ohm 8 ni nusu yake, wati 9. Huo ndio ukweli wa betri. Lakini ni wati za kweli, nne upande kwa upande, na redio ilitengenezwa ivumilie joto, vumbi na mashimo ya barabarani.

Tuliipata ya zamani ya Toyota yenye tundu la AUX mbele. Sehemu ya CD ilikuwa imekufa, jambo lililotupunguzia bei. Kuiunga ni kazi ya dakika kumi, ila kuna mitego miwili inayowaunguza wengi. Waya wa njano na waya mwekundu vyote viende kwenye chanya ya betri, vinginevyo redio haiwaki au inasahau kila kitu. Na nyaya hasi za spika zisiunganishwe pamoja wala zisiguse bodi ya chuma ya redio. Kila spika na nyaya zake mbili hadi kwenye redio. Fundi wa zamani aliyezoea kaseti za zamani, ambako hasi zote zilikuwa moja, ataziunganisha kwa mazoea na IC itakufa papo hapo. Karibu kabisa na nguzo chanya ya betri weka fyuzi ya ampea 10. Betri ya gari haitetemeshi mkono wa mtu, lakini nyaya zake zikigusana zinaweza kuyeyuka na kuwasha nyumba.

Shemeji aliitazama ile redio ndogo mezani, akatazama lile sanduku la 5000 W. Nikaona uso wake umeanguka. "Hiki ndicho kitafukuza deni?"

Hapo ndipo niliposimulia habari za honi, na habari za honi huanzia Kinshasa.

Katika miaka ya 1960 mzee mmoja, Mawangu Mingiedi, Mzombo wa eneo la mpaka wa Congo na Angola, alianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Konono No. 1. Ala yao kubwa ni likembe, ndugu wa ikembe yetu ya hapa Burundi: ndimi nyembamba za chuma juu ya kibao, unazigonga kwa vidole gumba. Ni ala ya kupigwa jioni kando ya moto. Ukiipeleka kwenye mitaa ya Kinshasa, kati ya magari na watu, haisikiki hatua tano. Pesa za vifaa vya dukani hawakuwa nazo. Wakachukua sumaku za vipuri vya magari yaliyokufa, wakazungushia waya wa shaba, wakaziweka kwenye vibao vya kuchonga, wakapata maikrofoni. Ulimi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku yenye koili, umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Sauti wakaitoa kwa zile honi kubwa za matangazo ambazo Wakongomani huziita lance-voix.

Ikatoka sauti ya kukwaruza, iliyojaa mikwaruzo, ambayo mhandisi wa studio angeomba radhi kwa ajili yake. Wao wakaikubali, wakaijengea muziki. Mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ilitoka Ubelgiji na watu wa Ulaya wakaanza kuuliza vifaa hivyo vinauzwa wapi. Mwaka 2011 kundi hilo lilikuwa miongoni mwa walioshiriki wimbo uliompa Herbie Hancock tuzo ya Grammy. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015, na kundi likaendelea.

Shemeji akasema yeye hataki Grammy, anataka Jumamosi. Haki yake.

Basi hesabu ya honi ni hii. Spika ya kawaida ya sanduku hugeuza takriban asilimia moja tu ya umeme inaoupokea kuwa sauti. Inayobaki inapasha koili joto. Honi, kwa sababu ya umbo lake la tarumbeta, inaikamata hewa vizuri zaidi na inaweza kufika asilimia kumi na kuendelea. Kwenye karatasi za kiwandani jambo hilo huandikwa kwa desibeli. Spika ya kawaida ni kama desibeli 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na honi ni 105 au zaidi. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, na kila 10 ni mara kumi. Tofauti ya 17 ni sawa na mara hamsini. Kwa hiyo wati 9 za redio ya Toyota kwenye honi zinasikika kama wati 450 kwenye sanduku la kawaida. Ndiyo maana msikiti unatosheka na amplifaya ndogo na mtaa mzima unasikia adhana. Mfanyabiashara anayeuliza "ina wati ngapi" anauliza swali pungufu. Aulize pia "desibeli ngapi".

Honi mbili tulizipata kwa mtu wa vyuma chakavu huko Buyenzi, moja imebonyea mdomo kama sufuria lililoanguka. Tulipoziunga, sauti ikawa ya mbu. Shemeji akakata tamaa tena. Nikafungua kifuniko cha nyuma: ndani mlikuwa na transfoma ndogo. Honi nyingi za misikitini, makanisani na mashuleni zina hiyo transfoma kwa sababu zilitengenezwa kwa mfumo wa volti 100, unaovumilia nyaya ndefu. Ukiiunga moja kwa moja na redio ya gari inakuwa kama kumimina maji kwenye chupa kwa ndoo. Tukairuka transfoma, tukaunga nyaya kwenye koili yenyewe. Jirani wa ng'ambo ya barabara akatoka nje kuangalia kuna tangazo gani.

Honi ina udhaifu mmoja. Besi inaiua. Ngozi yake ndogo ya ndani haikuumbwa kwa ngoma nzito. Ukiipa, inajirusha hadi inachanika. Dawa yake ni kapasita moja njiani, kwenye waya mmojawapo. Kapasita huzuia besi na kuruhusu sauti za juu. Kwa honi ya ohm 8, kapasita ya mikrofaradi 50 hukata kuanzia karibu hezi 400 kushuka chini, na sauti ya mtu inabaki ikieleweka kabisa. Kapasita ya namna hiyo isiyo na upande wa chanya na hasi ni ghali na haipatikani ovyo, lakini kwenye kila televisheni iliyokufa kuna zile za kawaida. Chukua mbili za mikrofaradi 100, ziunganishe hasi kwa hasi, na utumie ncha mbili za chanya zilizobaki. Zikiwa hivyo zinakuwa moja ya 50 isiyo na upande. Hila hiyohiyo inafaa kwa twita ndogo: mbili za 10 zinakupa 5, na kwa twita ya ohm 8 hiyo inakata kuanzia hezi 4,000 hivi. Nimeona sistimu za bei kubwa ambazo twita zake zililindwa na kapasita moja tu ya aina hiyo, hakuna zaidi.

Besi yenyewe tuliitoa kwenye mitungi, na hapo naomba radhi kwa wenye haraka, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Spika ikiwa mkononi haina besi hata kidogo. Karatasi yake ikienda mbele inasukuma hewa, na wakati huohuo nyuma inavuta. Sauti ya nyuma inazunguka na kuifuta ya mbele. Sanduku kazi yake ya kwanza ni kuzitenganisha hizo mbili. Sharti ni kwamba lisivuje na lisitetemeke. Mbao nyembamba hutetemeka, jerikani ya plastiki inanguruma, ndoo ya bati ndiyo msiba. Udongo uliochomwa ni mgumu, ni mzito, na mtungi wa duara hauna kuta bapa wala pembe. Wafinyanzi wa Kitwa katika nchi hii wamefinyanga mitungi kwa vizazi na vizazi bila kujua kwamba wanatengeneza masanduku ya spika.

Tulimwendea mama mmoja mfinyanzi tukiwa na duara la karatasi lenye upana wa spika ya gari ya inchi 6. Tukamwomba mitungi miwili ya lita 20 hivi, midomo iwe sawasawa na ile karatasi, na kila mmoja uachwe tundu dogo la waya kabla ya kuchomwa. Kutoboa mtungi uliokwisha kuchomwa ni kuupasua. Aliuliza ni wa pombe gani unaotaka tundu. Tulipomweleza alicheka sana, kisha akafanya kazi safi kuliko seremala yeyote niliyewahi kumlipa.

Tuliporudi baada ya wiki, tulikata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, tukaiweka kati ya mdomo na spika ili hewa isipenye, tukabana kwa waya na gundi, tukaziba tundu kwa nta. Ndani tulitia pamba ya godoro kuukuu, si ya kushindilia, ili sauti isirudirudi. Kabla ya kufunga nilizipima pande kwa betri ya volti 1.5: ukigusisha nyaya na karatasi ikaruka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya wa spika. Spika mbili zikiungwa kinyume, moja inavuta wakati nyingine inasukuma, na besi inapotea. Kuna watu wamenunua amplifaya mpya kwa kosa la waya mmoja uliogeuzwa.

Honi mbili tukaziunga kwenye njia za mbele za redio, mitungi kwenye njia za nyuma. Kile kitufe ambacho dereva hutumia kupeleka sauti mbele au nyuma ya gari kikawa rungu la fundi mitambo: wasemaji wakisimama, unasukuma mbele kwenye honi, wakicheza ngoma, unarudisha nyuma kwenye mitungi. Hicho kilikuwa kichwa cha shemeji, wala si changu. Maikrofoni ilihitaji kadi ndogo ya kukuza sauti kabla ya kuingia AUX, nayo ndiyo kitu pekee tulichonunua kipya dukani.

Nyaya nazo zina hadithi. Katika maduka utaonyeshwa waya wa spika unaong'aa, wa bei ya mbuzi, ukiambiwa unasafisha sauti. Kinachohitajika ni shaba na unene. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kuwekea umeme nyumbani, ukienda mita 20 na kurudi hauna hata theluthi moja ya ohm. Wa milimita nusu, kwa umbali huohuo, unafika ohm 1.4, na hapo unaanza kupoteza sauti njiani. Lakini angalia unachouziwa. Nyaya nyingi zinazopita mipakani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa wembe: ukiona weupe ndani, si shaba. Wengine wanatia chuma, na huyo sumaku inamkamata mara moja. Tangu siku ile shemeji havuki mpaka bila sumaku, wembe na mita mfukoni, na wenye maduka wa Kigoma wamemzoea.

Kwa wavukaji, jambo jingine. Utaratibu rahisishi wa biashara ndogo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uliowekwa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Sistimu ya kutoka Asia haipati nafuu hiyo hata kama uliinunua Kigoma. Uliza dawati la forodha kabla ya kufunga mzigo.

Harusi ya pili ilikuwa karibu na ziwa. Betri ya ampea-saa 60 ilikuwa imechajiwa usiku kucha. Redio kwa sauti ya sherehe hula kama ampea 4, na betri ya gari haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo tulijipa saa saba. Honi tulizitundika kwenye mwembe, mbele ya wasemaji na si nyuma yao, maana maikrofoni ikisikia honi yake yenyewe inapiga yowe. Wazee waliposimama kurushiana mafumbo, bibi mmoja aliyekaa mwisho kabisa karibu na majungu alijibu fumbo kabla msemaji wa pili hajafungua mdomo. Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama shemeji, alikuwa ameinama juu ya kitufe chake, hajainua kichwa.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mtungi mmoja uliteleza kwenye pikipiki wakati wa kurudi na ukapata ufa, na sasa wanasafiri wakiwa wamelazwa ndani ya vikapu vya majani makavu. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Ukitaka kujaza uwanja wa mpira, vifaa hivi si vyako. Na kwa wenye umeme wa ukutani, tunaotumia pawasaplai za kompyuta zilizotupwa kama chanzo cha volti 12 (waya wa kijani uguse mweusi ndipo inawaka, na wa njano ndio wenye volti 12), ninasisitiza boksi lisifunguliwe kamwe: ndani yake kapasita zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Marejesho ya Jumamosi ile hayakulipwa; mwenyekiti wa kikundi alikubali kungoja kwa maneno makali. Deni liliisha baada ya harusi ya tisa. Njiani kulikuja tatizo ambalo sikulitarajia. Wateja walianza kulalamika. Sauti nzuri, walisema, lakini mbona haina taa? Harusi ya sasa bila taa inaonekana kama mkutano wa kijiji.

Tukalifungua lile sanduku la 5000 W lililokuwa limewekwa chini ya kitanda. Taa zake za bluu, ambazo hazikuwahi kuzimika hata usiku ule wa aibu, zilikuwa za volti 12. Tukazivisha mitungi shingoni.